Homa ya Mafua Ikizidi: Damu ya Mgonjwa Inasema Nini?

Tukisikia neno mafua, wengi wetu tunawaza kamasi, kikohozi cha siku mbili tatu, na chai ya tangawizi. Influenza haiji hivyo. Homa inakupiga ghafla, viungo vyote vinauma, kuinuka kitandani kunakuwa kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 huugua influenza kali, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo.

Swali ambalo sisi wa maabara hatuachi kujiuliza ni hili: watu wawili wa nyumba moja wameambukizwa virusi vilevile, mbona mmoja amepona kwa uji na usingizi, na mwenzake yuko wodini kwenye oksijeni? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kinga ya mgonjwa mwenyewe, nayo huacha alama kwenye damu.

La mgambo likilia, kuna jambo. Seli ya njia ya hewa ikivamiwa na virusi, hupiga mbiu kwa kutoa protini iitwayo intaferoni, na seli jirani zikiisikia hujifunga mapema. Mbiu ikikosekana au ikichelewa, virusi huzaliana bila kizuizi. Mwaka 2015 watafiti walieleza habari za mtoto mmoja wa kike wa Ufaransa ambaye mapafu yake yalishindwa kufanya kazi kwa sababu ya influenza, akiwa na miaka miwili na nusu tu. Alikuwa amerithi kasoro kwa baba na kwa mama katika jeni ya IRF7, ambayo huuwezesha mwili kutoa intaferoni kwa wingi. Wengine wana kingamwili zilizokosea adui, zinazozima intaferoni za miili yao wenyewe. Utafiti wa mwaka 2022 ulizikuta kwa takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliokuwa mahututi kwa nimonia ya influenza.

Virusi vikishazagaa, kinga huamka kwa kishindo. Hapa ndipo saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kuitana, humwagika kupita kiasi. Jambo hili lilionekana waziwazi Vietnam, ambako wagonjwa 18 wa homa ya mafua ya ndege, H5N1, walilinganishwa na 8 wenye influenza ya kawaida ya binadamu. Wenye H5N1, hasa waliofariki, walikuwa na saitokini nyingi, lakini limfositi T, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, zilikuwa chache. Tena, kadiri virusi vilivyokuwa vingi kooni ndivyo saitokini zilivyopanda. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote: moto wa kinga ulikuwa unafuata kuni za virusi.

Ndiyo maana dawa ya kuzuia virusi, kama oseltamivir, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Na ndiyo maana nawasihi msinunue dawa za steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni dukani ili "kutuliza kinga". Kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, deksamethasoni iliokoa maisha. Kwa influenza, ushahidi uliopo unahusisha dawa za aina hiyo na vifo zaidi.

Si kila hospitali inaweza kupima saitokini, lakini kipimo cha picha kamili ya damu kipo sehemu nyingi. Limfositi zikishuka na neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikipanda, tunakaa macho. Protini ya CRP ikipanda inaonyesha kuna uvimbe mwilini, yaani kinga inapambana na kitu, ila haitaji aliyeuleta. Prokalsitonini, protini nyingine ya damu, husaidia kidogo zaidi, kwa kuwa hupanda hasa bakteria wakiingia, ingawa influenza kali peke yake nayo inaweza kuipandisha. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotosha kwa jibu la siku moja. Daktari akitaka damu tena kesho yake, msidhani anawaongezea gharama bure. Anataka kuona namba zinaelekea wapi.

Bakteria hao si wa kupuuzwa. Katika janga la 1918, wengi waliokufa walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma ya virusi. Kwetu kuna mtego mwingine: homa hudhaniwa malaria kwanza, na kipimo kikitoka hasi watu hurudi nyumbani wametulia. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, au mtu anayeishi na VVU asirudi hivyo kabla ya kuangaliwa kifua. Yeyote anayepumua harakaharaka, aliyechanganyikiwa, au ambaye midomo yake inageuka rangi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa yule ambaye homa ilishampoa, akaanza kula na kucheka, kisha siku chache baadaye ikarudi pamoja na kikohozi kizito.