Mhusika anapojisimulia: saikolojia ya usimulizi katika uhakiki wa fasihi

Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara, vikienda huku na huku. Katika kundi la watu 34 walioombwa tu waandike walichokiona, mmoja pekee ndiye aliyeeleza maumbo na mwendo wake. Karibu wengine wote waliona watu: mkorofi, mwoga, wapenzi wanaokimbizwa.

Saikolojia ya usimulizi inachunguza tabia hiyo ya binadamu ya kuyapa matukio maana kwa kuyafanya kisa. Jina lenyewe lilishika mizizi mwaka 1986, mwanasaikolojia Theodore Sarbin alipohariri kitabu kuhusu uwanja huu. Baadaye Dan McAdams, aliyechunguza jinsi watu wanavyosimulia maisha yao, alibainisha mikondo miwili: baya linalozaa jema, na jema linaloharibiwa na baya lililofuata.

Hapo ndipo mhakiki wa fasihi anapopata chombo cha kazi. Msimulizi mmoja husema, “Nilifukuzwa kazi, ndipo nikaanza kuandika.” Mwingine: “Nilikuwa nikiandika vizuri, mpaka nilipofukuzwa kazi.” Mkasa ni uleule, lakini wa kwanza anauona kuwa mlango na wa pili anauona kuwa kaburi. Tazama pia vitenzi. Anayesema “niliondoka, nikaamua” anajiona mtendaji. Anayesema “niliachwa, nikajikuta” anajiona mtendwa, hata pale matukio yanapoonyesha kwamba alikuwa na hiari. Pengo hilo kati ya anachokisimulia na anachokifanya lina utajiri kuliko orodha yoyote ya sifa za mhusika, na ninasikitika kuona wanafunzi wengi wakilipita wakikimbilia kuandika “ni mvumilivu, ni mkarimu.”

Lipo kosa linaloharibu uchambuzi wa namna hii: kumgeuza mtunzi kuwa mgonjwa wa kuchunguzwa. Msimulizi mwenye kinyongo hathibitishi kwamba aliyemuumba ana kinyongo. Wala si halali kumbunia mhusika utoto ambao riwaya haikuutaja, kisha kueleza matendo yake kwa utoto huo.

Ushahidi uko ndani ya matini: pale msimulizi anapoanzia, anachokirudia, anayemlaumu, na tukio analolipitia kwa sentensi moja ilhali wahusika wenzake hawaachi kulizungumzia.