Shukrani Isiyongoja Msimu Uishe: Dhana Potofu Kuhusu Kumshukuru Mungu Katikati ya Shughuli

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, Wakristo wengi wa Mtwara na Lindi tuna jibu moja kwa kila anayetuuliza habari za sala: "Tukimaliza korosho." Alfajiri tuko shambani kuokota na kutenganisha korosho na mabibo, yaani matunda yake, mchana tunaanika, kisha tunapeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na baada ya hapo masikio yote yanaelekezwa kwenye bei ya mnada. Nimekaa kwenye mzani kama karani kwa misimu kadhaa, na jibu hilo nimelitoa mimi mwenyewe msimu baada ya msimu. Ni hapo ghalani nilipoanza kuona kwamba kilichokuwa kikinizuia kumshukuru Mungu hakikuwa kazi, bali mawazo niliyokuwa nayo kuhusu shukrani yenyewe.

Dhana: Shukrani inahitaji muda na utulivu, navyo mtu mwenye shughuli hana.

Tumezoea kuwahesabu wale wakoma tisa wa Luka 17, ambao kati ya kumi walioponywa hawakurudi kumshukuru Yesu, kuwa watu wasio na adabu. Tukiisoma habari yao polepole, tutaona kwamba walikuwa njiani wakitimiza agizo la Yesu mwenyewe, aliyewatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Yaani walikuwa na haraka ya jambo la halali kabisa. Jambo hilo hunigusa kuliko mengine yote katika habari hii, kwa sababu haraka zetu nyingi nazo ni za halali: ada ya mtoto, palizi, mgonjwa wa kupeleka hospitali. Yule wa kumi, Msamaria, alikuwa na safari ileile, akapona njiani kama wenzake, lakini alipoona amepona aligeuka, akarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Hakungoja afike kwanza ndipo ashukuru.

Danieli naye alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliowasimamia maliwali 120 wa ufalme, na sidhani kama kuna ofisi ya mkoa yenye mafaili mengi kuliko yake. Hata hivyo Danieli 6:10 inasema kwamba alipiga magoti mara tatu kila siku, akasali na kushukuru mbele za Mungu wake, na kwamba aliendelea kufanya hivyo baada ya kujua kuwa amri ya kumkataza imekwisha kutiwa sahihi. Nguvu ya desturi hiyo ilikuwa katika saa zake zilizojulikana, si katika wingi wa nafasi aliyokuwa nayo.

Sisi wa huku tuna mfano wa karibu zaidi. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, na wamonaki wa abasia (nyumba ya watawa) iliyotokana nayo wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura ya 43 ya Kanuni hiyo inaagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, mmonaki aache mara moja chochote alicho nacho mkononi, aende. Haisemi amalize kwanza. Mtu wa kawaida hana kengele ya monasteri, lakini ana vituo vyake katika siku, na anaweza kuvichagua. Mimi nilichagua mzani: gunia likishawekwa, kabla sijasoma kilo, mshale unapotulia, namwambia Mungu ahsante kwa mikono iliyoiokota korosho hiyo. Ni pumzi moja tu, wala foleni haicheleweshwi. Majirani zetu Waislamu husema "Alhamdulillahi" katikati ya biashara bila kuona haya, na sioni kwa nini Mkristo aifiche shukrani yake mpaka Jumapili.

Dhana: Kushukuru ni kusema kwamba kila kilichonipata ni kizuri.

Paulo anawaandikia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18). Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "kwa" katika aya hiyo lina maana ya "katika," hivyo Mkristo anaagizwa ashukuru akiwa ndani ya kila hali. Najua Waefeso 5:20 inasema kwa uzito zaidi kwamba tumshukuru Mungu kwa mambo yote, lakini katika barua hiyohiyo Paulo anajiita mjumbe katika minyororo na kuomba aombewe. Hajifanyi kuwa minyororo haimwumizi.

Mkulima ambaye ubwiriunga umekausha maua ya mikorosho yake baada ya kukopa fedha za salfa, dawa ya kuuzuia, hatakiwi kuuita ugonjwa huo baraka. Nabii Habakuki aliutaja upungufu wake kitu kwa kitu, mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi, ndipo akasema kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana. Anayemwambia mtu aliyefiwa "shukuru tu" kabla hajamwacha alie, anamnyima sehemu kubwa ya Zaburi, ambazo nyingi huanza kwa kilio.

Dhana: Kushukuru kwa kuepushwa na balaa ni kujiona umependwa kuliko wengine.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kikitukaribia, na Mtwara watu tulikaa roho juu. Kilipiga ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako Wamakonde wana ndugu zao wa damu. Nilisikia wakati ule maneno ya kwamba Mungu ametupenda sisi, nayo yalinikaa vibaya moyoni. Farisayo wa Luka 18 pia alishukuru, lakini shukrani yake ilisimama juu ya jirani aliyemdharau. Tulikuwa na haki ya kumshukuru Mungu kwa paa zilizobaki, na shukrani hiyohiyo ilitudai tuwaombee na kuwasaidia wale ambao paa zao zilichukuliwa. Katika Mambo ya Walawi 7:15, nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile bila kubakizwa hadi asubuhi, na mtu peke yake hawezi kummaliza mnyama mzima kwa siku moja; alilazimika kuwaita watu.

Dhana: Sadaka nono ya mavuno inatosha kwa mwaka mzima.

Sadaka ya mavuno ni njema, lakini Zaburi 136 ina aya 26, na kila moja inarudia kwamba fadhili zake ni za milele. Anayerudia mara 26 katika wimbo mmoja hakukusudia kusema mara moja kwa mwaka.

Dhana: Tukiwashukuru sana watu tunampunguzia Mungu utukufu.

Katika Warumi 16 Paulo anawashukuru Priska na Akila kwa majina, kwa kuwa walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Nilipoisoma sura hiyo nilitambua kwamba nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa mikono iliyookota korosho huku mwenye mikono akisimama mbele yangu, kichwani ana kanga iliyojaa vumbi, akingoja karatasi yake. Siku hizi nikimkabidhi karatasi namwambia, "Ahsante, mama, kwa kazi," naye mara nyingi hujibu, "Tumshukuru Mungu, mwanangu," kisha humpisha anayefuata.