Tithonia haivuti nitrojeni hewani

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja anayelima sukuma wiki Kangemi: "Mwalimu, si tithonia inavuta nitrojeni hewani kama maharagwe?" Hapana, mama. Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu jibu hilo linageuza hesabu nzima ya shamba.

Tithonia ni ya ukoo wa alizeti na asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ndiyo yale maua ya njano yanayojaa kando ya mito na barabara zetu hapa Nairobi. Maharagwe ni ukoo mwingine kabisa. Ng'oa mharagwe unaoanza kuchanua uangalie mizizi: utaona vinundu, na ukikipasua kimoja kwa ukucha, ndani kina wekundu. Humo ndimo bakteria wanamofanya kazi ya kunasa nitrojeni. Sasa ng'oa tithonia, suuza mizizi yake, tafuta. Hutapata kinundu hata kimoja.

Majani yake ni mbolea nzuri, hilo sibishani nalo. Yakikauka yana nitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1, na huoza upesi. Lakini virutubisho hivyo vimetoka kwenye udongo kilipoota kichaka. Ukikata kando ya barabara, umehamishia shambani mali ya barabara. Ukikata ndani ya shamba lako mwenyewe, umetoa mfuko huu ukatia ule.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaomwambia mkulima aache kabisa mbolea ya dukani. Tani 5 za majani makavu kwa hekta hutoa nitrojeni kilo 175, lakini fosforasi ni kilo 18 na ushei tu. Na tani 5 kavu ni kama tani 25 mbichi, maana sehemu kubwa ni maji. Nani atazikata, nani atazibeba? Kwa mboga za sokoni jasho hilo hulipa. Kwa mahindi, mara nyingi halilipi.

Na hata mimi nina shaka na vichaka vyenyewe. Kinachokatwa kila msimu bila kurudishiwa kitu, sioni kitaendeleaje kutoa majani yale yale.

Mama wa Kangemi nilimwambia hivi: kata majani na ncha laini, vijiti vigumu viache, changanya na udongo wiki moja kabla ya kupandikiza, na fosforasi kidogo ya dukani uitie kwenye shimo.