Kufunga Sanduku la Umeme Kwenye Nguzo ya Chuma Bila Kuidhuru Nguzo

Nguzo ya chuma humvutia fundi umeme: imesimama wima, ni ngumu, haimeguki kama tofali. Matokeo yake wengi huitumia kama ukuta wa kawaida, wakatoboa au kuchomelea popote mkono ulipofika. Nguzo hiyo imebeba paa, sakafu au kreni, na mhandisi aliyeipigia hesabu hakuyahesabu matundu ya fundi. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta pa kutoboa, jiulize kama kuna haja yoyote ya kutoboa. Mara nyingi haipo.

Kwanza tuondoe hofu ya uzito, maana hiyo ndiyo huwafanya watu wakimbilie matundu makubwa. Chukua sanduku la kilo 20 ambalo uzito wake umekaa milimita 100 mbele ya uso wa nguzo, na bolti zake za juu na za chini zimeachana milimita 400. Mvuto unaotaka kung'oa bolti za juu ni takriban niutoni 50, yaani kama uzito wa kilo 5, tena unagawanywa kwa bolti mbili. Huo ni mzigo mdogo sana. Masanduku hulegea kwa sababu ya mtikisiko wa mashine unaofungua nati, kutu inayokula skrubu, na kebo nzito iliyoachwa ikining'inia kwenye glandi (kifungo cha tundu ambamo kebo huingilia sandukuni). Kebo iwe na kibano chake kwenye nguzo, sentimita 30 au chini ya hapo kutoka inapoingia sandukuni.

Kwa nguzo yenye umbo la H, njia tunayoipendekeza ni reli mbili za chaneli za milimita 41 kwa 41, zenye unene wa milimita 2.5, zikilazwa juu ya flenji (mojawapo ya mabamba mawili sambamba ya H), moja nyuma ya sehemu ya juu ya sanduku na nyingine nyuma ya sehemu ya chini. Kila reli izidi upana wa flenji kwa milimita 50 hadi 100 kila upande, na ishikwe kwa klampu mbili, moja kila ukingo. Klampu isukumwe mpaka koo lake liguse ukingo wa flenji. Ikishika kwa ncha tu, itateleza taratibu kila mashine inapotetemeka. Ikaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa kuwa klampu ya chuma cha kusubu ikikazwa kupita kiasi hupasuka, na ufa wake huwa mdogo hata usionekane chini ya rangi. Sanduku lenyewe lifungwe kwa nati nne za chaneli (zinazokaa ndani ya reli) za M8, yaani za bolti ya kipenyo cha milimita 8, kila bolti na washa yake ya springi. Ncha za reli ulizozikata zipigwe tupa na zipakwe rangi ya zinki.

Nguzo ya bomba, ya mraba au ya duara, haina ukingo wa kushikwa na klampu. Hapo iweke nguzo katikati: reli mbili mbele na mbili nyuma, zilizounganishwa kwa fito nne za hesi (mikato ya skrubu) za M10, nati nane na washa nane. Nguzo haiguswi na drili, na siku sanduku likihamishwa hakuna kovu linalobaki.

Wengine hupenda kuliingiza sanduku ndani ya nguzo ya H, baina ya flenji mbili, ili lisigongwe na forklifti au mikokoteni. Wazo ni zuri, ila pima vizuri. Nguzo ya HEB 200 (saizi mojawapo ya nguzo za H) ina nafasi ya milimita 170 kati ya flenji na flenji, lakini pembe za ndani zimeviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 18, hivyo sehemu iliyo bapa kabisa ni milimita 134 tu. Sanduku la milimita 150 litakaa juu ya mviringo na kuyumba. Ukilikaza, mgongo wake hujipinda, mfuniko haukai sawasawa, na vumbi na maji hupata njia. Chagua sanduku jembamba zaidi, au liinue kwa vipande vya kutenganisha.

Ikibidi kutoboa, pata kwanza kibali cha maandishi cha mhandisi wa majengo, kinachotaja mahali, kipenyo na idadi ya matundu. Usikaribie viungo, machomeleo wala kitako cha nguzo. Ukishapata kibali, tundu la kukatia hesi ya M5 ni milimita 4.2, la M6 ni 5.0, na la M8 ni 6.8. Piga alama kwa sentapanchi (chuma chenye ncha cha kutia kidoa), anza na kekee ya milimita 3, kisha panua. Kekee ya milimita 5 kwenye chuma laini huenda vizuri kwa mizunguko kati ya 1,300 na 1,600 kwa dakika. Ukiiendesha kwa kasi zaidi bila mafuta ya kukatia, makali huungua na uso wa tundu huwa mgumu, na baada ya hapo tapu (kifaa cha kukatia hesi) hukatikia ndani. Tapu izungushwe nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili mabaki yakatike. Kina cha hesi kwenye chuma kisipungue kipenyo cha bolti. Flenji ya milimita 10 inatosha kwa M8, lakini ukuta wa bomba wa milimita 4 huipa M6 pingili nne tu, na hizo hazitoshi penye mtikisiko.

Skrubu za kujitoboa zina sharti moja linalosahaulika: ncha yake lazima imalize kupenya unene wote kabla hesi haijaanza kuuma, ukijumlisha bati la sanduku na mwanya wowote uliopo. Ikiwa ncha ni fupi, hesi huvuta mbele haraka kuliko ncha inavyokata, na skrubu hukatika shingo.

Kuchomelea, hapana, isipokuwa mhandisi ameagiza hivyo. Joto huunguza rangi hata upande wa pili wa bamba, hubadilisha chuma pale pale, na klampu ya kurudishia mkondo ikiwekwa vibaya, mkondo wa mashine hurudi kupitia waya za ethi (waya za kinga zilizounganishwa na ardhi) za jengo na kuziunguza.

Angalia pia rangi ya nguzo. Chuma kikifika nyuzi joto 600 za Selsiasi hivi, hubaki na takriban nusu tu ya nguvu zake, ndiyo maana nguzo nyingi hupakwa rangi inayovimba motoni au hupulizwa tabaka la kinga. Ukilikwangua ili klampu ikae, umefungua dirisha la moto. Sehemu hiyo irudishiwe kinga kwa bidhaa ileile, na sanduku lisibanwe kiasi cha kuzuia rangi kuvimba.

Penye unyevu, acha mwanya wa milimita 6 au zaidi kati ya sanduku na nguzo ili maji yasilale nyuma yake. Tumia masikio ya nje ya kufungia. Ukitoboa mgongo wa sanduku la IP65 (lililokingwa dhidi ya vumbi na maji yanayorushwa) bila washa ya mpira, halistahili tena kuitwa IP65.

Jambo la kutiliwa mkazo kuliko yote ni ethi. Skrubu iliyoshika sanduku kwenye nguzo si ethi, hata kama nguzo imeunganishwa na ardhi. Rangi huzuia umeme, kutu huongeza ukinzani, na siku ya hitilafu mkondo unahitaji njia fupi ya kurudi ili sakiti breka ikate. Kwa saketi za mwisho za volti 230 zisizozidi ampea 32 katika mfumo wa TN (ambamo waya wa ethi hurudi hadi kwenye chanzo cha umeme), viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, vinataka hilo litokee ndani ya sekunde 0.4. Waya wa ethi uje pamoja na waya za saketi, ufungwe kwenye terminali yake ndani ya sanduku, na mlango wa bati uwe na waya wake laini wa ethi, kwani bawaba haziaminiki. Nguzo nayo iunganishwe na terminali kuu ya ethi kwa waya wake yenyewe.

Umeme ukiwa bado umezimwa na swichi kuu imefungwa kwa kufuli, pima kutoka terminali kuu hadi bati la sanduku na hadi mlangoni. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0074 kwa mita, hivyo mita 20 zikupe kama omu 0.15. Kipimo kikisoma omu 2, kuna kiungo kilicholegea au kimekaa juu ya rangi: kifungue, kikwangue hadi chuma king'ae, kikaze kwa washa yenye meno, kisha pima tena kabla ya kuwasha.