Mlinzi wako wa kiinimacho haoni kitu

Hili swali halituishi kila tukikaa kucheza Dungeons & Dragons, lile gemu la kuigiza hadithi kwa maneno na dadu, hapa Ngamiani. Mtu kapiga speli, yaani uchawi wa kwenye gemu, katengeneza mlinzi wa kiinimacho, kamsimamisha mlangoni, yeye kazama zake ndani ya pango, baadae ananigeukia mimi mwendesha gemu eti "haya niambie, mlinzi wangu kaona nani?" Aone na nini jamani, macho yenyewe umeyachora we.

Naongelea toleo la tano, sheria za 2014, ndo tunazochezea sie. Speli ya Silent Image inakupa picha tu isiyozidi futi 15 kila upande, sauti haina, harufu haina, na inasogea pale tu unapotumia akisheni yako, yaani tendo la zamu yako, kuisogeza. Sasa we uko chumba cha ndani, askari kafika kasalimia, "habari za lindo kaka", kimya, kazunguka upande wa pili, mlinzi bado kakodolea ukuta uleule. Hapo simzubaishi huyo askari, anatumia akisheni yake anarusha dadu ya Investigesheni, yaani uchunguzi, akifikia namba ya ugumu ya speli zako basi anaona mpaka mlango ulio nyuma ya mlinzi. Au amshike bega tu, mkono upite hewani, imeisha hiyo.

Inayowachanganya zaidi ni Programmed Illusion ya leveli ya 6, maana yenyewe inashtuka bila we kuwepo. Lakini nayo haijui nani kaja, inasubiri sharti ulilolitaja, na sharti liwe la kuonekana au kusikika ndani ya futi 30. Ukiniambia "adui akija" nakukatalia, uadui haujaandikwa usoni. Sema "mtu mwenye upanga mkononi akivuka kizingiti", sawa, ila mwizi akiuficha upanga ndani ya kanzu atapita na picha imelala fofofo. Ikishaamka inaigiza ulichoipangia, mwisho dakika 5, ni kama gari la matangazo, we lijibu, litukane, lenyewe linaendelea. Halafu inalala dakika 10 haishtuki hata lipite jeshi.

Ukitaka macho ya kweli panda Mislead, leveli ya 5. We unatoweka, pacha wako wa kiinimacho anatokea hapohapo ulipokuwa umesimama, unaona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Utamu huo una bei lakini, ukiwa kwa pacha mwili wako ni kipofu na kiziwi, kurudi mpaka utumie akisheni ya bonasi, lile tendo dogo la ziada kwenye zamu yako, na watu wangu wanasahau kweli kweli, mtu anachungulia ikulu ya sultani huku nyuma yake zimwi linamnusa kisogo!

Speli ya Mirror Image haina mjadala, inakupa pacha watatu wa kiinimacho, nao wanakuiga tu. Ila adui akifumba macho hawamdanganyi tena, kasheshe ni kwamba anakushambulia bila kukuona, anarusha dadu mbili anachukua ndogo.