Kwa nini transfoma ya volti 2,000 inaua kirahisi kuliko ya volti 25,000?

Kila anayeanza kuchezea umeme wa volti kubwa, wale wa kutaka tu kuona cheche ikiruka hewani, anaanza na swali hilo hilo, nichukue transfoma gani, na jibu analojipa ni lile nililojipa mimi: anza na yenye volti chache, ukizoea utapanda. Nilikuwa na hesabu yangu kabisa. Ya maikrowevu inatoa kama volti 2,000, ya TV ya kichogo inapeleka kwenye kioo 20,000 na kuendelea, koili ya gari, ile inayotengeneza cheche ya plagi, nayo 20,000 au 30,000 huko, kwa hiyo ya kujifunzia ni maikrowevu. Nikaenda kwa fundi mmoja Ngarenaro hapa Arusha, nikamkuta na maikrowevu mbovu mbili, nikamweleza shida yangu.

"Mdogo wangu, hiyo sikuuzii. Chukua TV nzima hapo bure ukitaka, ila hiyo hapana."

Nikajua ananibania tu. Kumbe hesabu yangu ndo ilikuwa imekaa kichwa chini.

Volti inakuambia msukumo, haikuambii kuna umeme kiasi gani nyuma ya huo msukumo. Kama umewahi kupanda kule juu ya Moshi, Kibosho au Marangu, unaijua mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachaga inayoshuka mlimani mpaka kwenye migomba. Sasa chukua tone moja la maji linadondoka toka kwenye jabali refu, limetoka juu kweli kweli, likikupiga kisogoni unashtuka basi. Afu chukua mfongo mkubwa umejaa wakati wa masika, maji yanashuka mita mbili tu, ingia uone kama utasimama. Ule urefu wa kushuka ndo volti, wingi wa maji ndo ampea. Transfoma ya maikrowevu ni mfongo wa masika, imetengenezwa kupitisha wati 1,000 na zaidi, yani nusu ampea na kuendelea kwenye hizo volti 2,000, na ukiilazimisha inatoa zaidi ya hapo. Moyo hauhitaji yote hayo. Zile swichi za kinga za majumbani, zinazokata umeme ukivuja, kawaida zinawekwa zikate kwenye miliampea 30, manake ukizidi hapo ukapita kifuani kwa muda kidogo moyo unaweza kuvurugika. Na kwenye volti 2,000 usitegemee ngozi kavu ikukinge, inatoboka, unabaki na nyama na damu ambazo zinapitisha umeme vizuri tu.

Na hiyo swichi ya kinga niliyoitaja haikusaidii hapa, hili nalo nilikuwa silijui. Umeme wa upande wa pili wa transfoma unazunguka kivyake, unatoka kwenye msuko, yani ule waya uliozungushwa kwenye chuma, na kurudi kwenye msuko huo huo, kwa hiyo swichi inaona kilichoingia na kilichorudi viko sawa. Fyuzi nayo inaona mzigo kama wa pasi. Nyumba nzima imetulia, we ndo pasi.

Kinachonishangaza mpaka leo ni jinsi macho yanavyodanganya. Hewa kavu inataka kama volti 3,000 ili cheche iruke milimita moja, kwa hiyo ile ya maikrowevu hata milimita hairuki, imekaa kimya inanguruma tu mpaka uiguse. Ya TV inarusha cheche ya sentimita nzima, harufu ya kuungua, inatisha, na ndo yenye umeme mchache. Huko Marekani na Uingereza kuna watu wameshakufa wakitumia hii ya maikrowevu kuchora michoro ya matawi kwenye mbao, watu wazima wenye karakana zao.

Wenzetu wa nje walizoea kuanza na transfoma za chuma za mabango ya neoni, zinafika volti 15,000 lakini nyingi zinaishia miliampea 30. Ujanja wake ni vipande vya chuma vilivyopachikwa katikati ya misuko, kama mlango wa pembeni kwenye mfongo: wa chini akivuta maji mengi, maji yanakatia pembeni badala ya kumfikia, volti zinaporomoka zenyewe. Ya maikrowevu nayo ina vipande hivyo, ila mlango wake unafunguka ukiwa umeshavuta maji mengi sana. Hata ya neoni siiiti salama, miliampea 30 ni pale pale kwenye mstari, na siku hizi mabango mengi ni LED hata kuipata shida.

Kwa hapa kwetu mimi ningesema koili ya gari la zamani, ile ya kopo, na betri ya volti 12. Haichomekwi ukutani kabisa, na kila cheche ni kama kikombe kimoja kimemwagwa kikaisha, nishati ya makumi ya milijuli tu. Inauma, inakurusha, mwenye kifaa cha moyo akae mbali, na ukiongeza kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, basi yote niliyosema yamebadilika. Ya TV ina kazi zaidi, inataka saketi yake ya kuiendesha, na kioo kinabaki na chaji hata ukiwa umechomoa.

Nikarudi kwa fundi nikiwa nimesoma, nikamwambia kwa kujidai, "Kwa hiyo bro, kinachoua sio volti, ni ampea." Akacheka. Akatoa transfoma ya maikrowevu aliyoikata msuko wa volti kubwa, akazungushia mizunguko miwili ya waya mnene kama kidole, anachomelea betri za kompyuta. Hapo zinatoka kama volti mbili, na ampea mia kadhaa zikikutana na chuma. Akaiwasha, akashika ncha zote mbili kwa mikono mitupu, hakuna kitu, volti mbili haziwezi kuusukuma umeme kupita mwilini.

Ila alivua pete kwanza.