Maziwa Kando ya Kitanda: Lishe ya Mtu Mzima Aliyelemewa na Ugonjwa

Saa ya kuwatazama wagonjwa inapofika hapa Nakuru, jamaa wengi huingia wodini wakiwa wamebeba soda, pakiti ya glukosi na pakiti ya maziwa ya nusu lita. Kati ya vitu hivyo vitatu ni maziwa pekee yaliyo na protini, na protini ndiyo inayojenga upya msuli unaoliwa na ugonjwa, kuziba vidonda na kuupa mwili askari wa kupambana na maambukizi. Hata hivyo, mimi kama afisa wa lishe huona mara nyingi maziwa hayo yakiishia kwenye chai, nao wauguzaji wakiamini kwamba mgonjwa wao ameshiba.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akitibiwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, aliletewa na bintiye chai ya maziwa ndani ya themosi, vikombe vitatu kwa siku. Nilimwomba binti anieleze jinsi anavyoipika, tukahesabu pamoja: theluthi moja ya kila kikombe ilikuwa maziwa, na sehemu iliyobaki maji. Utando mzito uliokuwa ukiganda juu ya sufuria aliuopoa kwa kijiko na kuutupa, kwa kuwa mamake hakupenda unavyonata mdomoni, ilhali utando huo ni mafuta na protini tupu. Katika siku nzima mgonjwa alikuwa akipata gramu saba hivi za protini kutoka kwa chai hiyo. Mgonjwa wa kilo 45 kama yeye huhitaji kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 54 hadi 67 kwa siku.

Hatukumwongezea vikombe, maana kila alipomeza aliumia. Tuliyaongezea nguvu maziwa yenyewe. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta ina gramu 16 au 17 za protini na takriban kilokalori 300. Ukichukua vijiko vinne vya mezani vilivyojaa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yaani gramu 60 hivi, ukayakoroga kwanza na maziwa kidogo vuguvugu mpaka madonge yaishe, kisha ukamimina maziwa yaliyosalia, protini hupanda hadi kufikia karibu gramu 38 na nguvu hupita kilokalori 500, ilhali ujazo haujabadilika sana. Mgonjwa hunywa kikombe kidogo cha mililita 100 hadi 150 kila baada ya saa mbili. Utando usitupwe, upigwe kwa uma ndani ya maziwa mpaka upotee. Ni muhimu kusoma maandishi ya pakiti kabla ya kununua, kwa sababu unga mweupe wa kutia kwenye chai au kahawa hufanana na maziwa ya unga lakini kwa kawaida ni mafuta ya mimea na sukari, wenye protini haba mno. Maziwa mazito ya mkebe yaliyotiwa sukari nayo hayafai kuwa tegemeo la mgonjwa.

Kwa mgonjwa aliyechoka na ladha ya maziwa, uji wa wimbi ni njia nzuri ya kuyapitisha. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea cha wimbi. Baada ya muda mfupi uji utalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena, utie maziwa na njugu karanga zilizosagwa laini.

Watu huniuliza sana kuhusu maziwa ya mbuzi na ya ngamia. Ya mbuzi ni chakula kizuri chenye mafuta yanayozidi kidogo ya ng'ombe, lakini sukari yake ya laktosi inakaribiana na ile ya ng'ombe, kwa hivyo hayatamwokoa mgonjwa anayeharishwa na maziwa. Ya ngamia, ambayo hutufikia mjini kutoka sehemu kavu za kaskazini, yana vitamini C zaidi kuliko ya ng'ombe, lakini hayatibu saratani wala hayachukui nafasi ya dawa za kisukari. Maziwa ya soya yaliyotengenezwa vizuri hukaribia ya ng'ombe kwa protini. Tui la nazi na maziwa ya mchele hayakaribii.

Maziwa yaliyochacha yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Laktosi huhitaji kimeng'enya cha utumbo ili imeng'enywe, na watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa nacho, ingawa jamii zilizofuga tangu zamani huwa na nafuu. Ugonjwa unaoharisha kwa muda mrefu hukipunguza zaidi, na ndipo mtu aliyekunywa maziwa maisha yake yote anapoanza kujaa gesi na kuhara. Kuchemsha hakuondoi laktosi. Bakteria wa mala na mtindi huila sehemu ya sukari hiyo, na ndiyo sababu mgonjwa anayeshindwa na maziwa matamu mara nyingi huweza nusu kikombe cha mala pamoja na chakula. Mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachishwa ndani ya kibuyu, ni urithi wa majirani na ndugu zetu, nami siidharau. Hata hivyo, kibuyu ni kigumu kusafisha kikamilifu, na watafiti waliopima mursik ya hapa nchini walikuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Mgonjwa mwenye saratani hiyo, au ambaye kinga yake imeshuka, ni afadhali apewe mala iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa katika chombo kinachosuguliwa kikatakata.

Maziwa mabichi yasimfikie mgonjwa kabisa, yawe ya mchuuzi au ya zizi la nyumbani, kwa kuwa huweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemke mpaka yainuke sufuriani.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni wema unaokuja kwa haraka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari waliona wafungwa waliokuwa wamekonda kwa njaa wakifa baada ya kuanza kulishwa vizuri. Mwili uliokosa chakula kwa siku nyingi ukipokea lishe nyingi kwa ghafla, huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli, na moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana wodi huanza na maziwa maalumu ya tiba yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 na gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100, kabla ya kuhamia F-100 yenye kilokalori 100 na gramu 2.9. Maziwa ya ng'ombe unayoyajua yana protini zaidi ya mara tatu ya F-75. Kwa hivyo, kama mtu wako hajala kwa zaidi ya siku tano, au amekonda mpaka mbavu na mabega vinahesabika, usianze na maziwa yaliyoongezewa nguvu niliyoyaeleza hapo juu. Mlete kwanza apimwe. Akiwa ameanza kulishwa kisha miguu ikavimba, moyo ukaenda mbio, akahema au akachanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Mgonjwa wa kiharusi anayekohoa anapokunywa, au ambaye sauti yake hukwaruza kama iliyolowa baada ya kumeza, huenda maziwa mepesi yanamwingia mapafuni. Asilazimishwe kunywa, apimwe namna anavyomeza, na pengine mtindi mzito kwa kijiko utamfaa. Kwa anayelishwa kwa mpira wa puani, hakikisha alama ya mpira penye pua haijasogea, inua kichwa na kifua chake nusu ya kuketi, pitisha mililita 30 za maji safi kabla na baada ya mlo, kisha uache maziwa vuguvugu yateremke yenyewe kutoka kwenye sirinji badala ya kuyasukuma. Abaki ameinuliwa kwa saa moja. Mala isipitishwe humo, kwa kuwa huganda na kuziba mpira. Maziwa yaliyoandaliwa yakikaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, yamwagwe.

Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo asiongezewe maziwa kabla ya kupimwa damu, kwa kuwa fosfeti na potasiamu zinazomsaidia mwingine kwake hulimbikizana. Aidha, kalsiamu ya maziwa huzuia baadhi ya dawa kuingia mwilini vizuri, zikiwemo siprofloksasini, levofloksasini inayotumika kwa kifua kikuu sugu, na vidonge vya madini ya chuma. Maziwa na dawa hizo vitenganishwe kwa angalau saa mbili.

Anayemuuguza mtu nyumbani na aweke daftari dogo kando ya kitanda, aandike maziwa ya aina gani, mililita ngapi, saa ngapi, na choo kilikuwaje siku hiyo. Binti wa yule mama aliniletea daftari lake kliniki baada ya siku kumi, na kwa kulisoma tuligundua kwamba kikombe cha usiku ndicho kilichokuwa kikirudi kimejaa. Tukakihamishia alfajiri, kabla ya dawa za kutuliza maumivu kumletea kichefuchefu, naye akaanza kukimaliza.